Dodoso Darajani
Desaguadero, mpakani mwa Peru na Bolivia

Kalamu yako imeganda, kijana. Ipulizie.
Hapa wino hauamki kabla ya jua.
Weka karatasi zako juu ya guta langu
ila uzikandamize kwa jiwe, upepo wa ziwani
hauna adabu na mambo ya serikali.

Unauliza maisha bora yako wapi,
huku Peru au pale ng'ambo, Bolivia.
Nikupe namba, moja hadi kumi.

Miaka kumi na tisa navusha mizigo ya watu.
Asubuhi napeleka vitunguu na ndoo za plastiki,
jioni narudi na mitungi ya gesi chini ya blanketi,
maana ng'ambo gesi ina bei ya chumvi
na huku ina bei ya dawa.
Hilo usiliandike.
Au liandike, lakini jina langu liwe jingine.

Andika kwamba dada yangu Primitiva
anawasha jiko mara tatu kwa siku, mimi mara mbili.
Andika pia kwamba pesa yangu ikilala
huamka na uzito uleule,
yake huamka imekonda;
basi huja hapa mbio, noti kaficha soksini,
nimbadilishie kabla ya saa sita.
Bomba la uani kwake hutoa maji likijisikia.
Mimi nimefungiwa mita mpya, inang'aa,
ina namba ya serikali,
na inahesabu hewa.

Mwanawe alipovunjika mkono walimfunga bure,
mfupa ukaunga umepinda.
Wangu alifungwa kwa bei ya guta langu la kwanza,
ukaunga umenyooka.
Siku ya soko wanacheza timu moja,
na yule wa mkono uliopinda ndiye golikipa.
Hiyo utaipa ngapi?

Nyumba usiyolala hujui inavujia wapi,
nami nimelala zote mbili. Zinavuja.
Tofauti ni upande wa kuhamishia kitanda.

Subiri, bado.
Mama yetu, Gumercinda, alizaliwa kule,
akaolewa huku, na uzee wake
tukauvusha kama mzigo wowote,
wiki mbili kwangu, wiki mbili kwa Primitiva,
amekaa juu ya guta hilihili, kofia kichwani,
akiwasalimu askari wa pande zote kwa majina ya mama zao.
Saa zetu hazilingani, unajua.
Ukimaliza daraja hili umezeeka saa nzima.
Alikata roho kitandani kwa Primitiva,
na saa ya ukutani kule
ilisema sita na dakika ishirini za usiku,
tarehe imeshageuka, nane.
Nikapigiwa simu papo hapo.
Simu yangu ikasema tano na dakika ishirini,
tarehe saba.

Nilitoka mbio bila viatu.
Nilijiambia, kwangu bado ni jana,
nikiwahi pengine sijafiwa.
Askari aliniona miguu, hakuuliza kitambulisho.

Cheti kinasema nane.
Mimi kila mwaka napika tarehe saba,
viazi vyeusi vya barafu na samaki mmoja,
nakula peke yangu, dirisha wazi.
Kesho yake navuka, tunapika tena,
na Primitiva hukasirika kwamba sina njaa.

Umeandika nini hapo? Saba?
Sikukupa saba.
Haya, iache. Ila acha wazi pa kuandika nchi.

Sasa weka kalamu mfukoni, shika huku nyuma.
Daraja hili ni mlima hadi katikati,
utokee upande wowote,
na leo nina magunia kumi na mawili.
Sukuma. Si kwa kifua,
kwa miguu.